Chafya, Mwasho na Vidonge: Historia ya Dawa za Aleji

Kuna ugonjwa ambao watu huucheka kabla ya kuuogopa. Mtu anapiga chafya mara kumi mfululizo, macho yanamtoka machozi bila msiba, pua inavuja kama paa bovu. Na wenzake wanacheka. Mwingine anakula samaki, na kabla sahani haijaoshwa ngozi yake imejaa vipele, anajikuna mpaka damu. Wa tatu anaumwa na nyuki mmoja tu, naye anaanguka chini, akafa. Watu hawa watatu wanaonekana kuwa na magonjwa matatu, kumbe magonjwa yao ni ya ukoo mmoja. Waganga wa hospitali wanauita aleji. Katika vitabu vya siku hizi vya Kiswahili wanaandika pia mzio.

Katika farmasi zetu, na hata juu ya meza za sokoni, kuna vidonge vya kutuliza mambo hayo. Watu wengi wanavinunua kama wanavyonunua karanga, bila kuuliza neno. Wengine hawavitaki hata kidogo. Wao husema ya kuwa dawa ya kweli hutoka katika miti na majani peke yake. Sisi hatutaki kugombana na upande wowote. Twataka kusimulia tu: vidonge hivi vilitoka wapi, nani walivitafuta, na miti imetoa msaada gani katika kazi hiyo. Kwa maana mtu anayejua dawa ilikotoka, anajua pia inapofika mwisho wa nguvu zake.

Mganga aliyejichunguza mwenyewe

Mwaka 1819, katika mji wa London, mganga mmoja jina lake John Bostock alisimama mbele ya waganga wenzake akawasomea habari za mgonjwa mmoja. Mgonjwa huyu, alisema, ana umri wa miaka 46. Tangu alipokuwa mtoto wa miaka minane, kila mwaka jua la kiangazi linapoanza kuwaka, macho yake yanakuwa mekundu na kuwasha, anapiga chafya, kifua kinambana. Majira yakipita, anapona bila dawa. Mwaka ujao, vilevile. Mgonjwa huyo alikuwa nani? Alikuwa Bostock mwenyewe.

Alikuwa amejaribu karibu kila dawa iliyojulikana wakati ule. Alitolewa damu, alikunywa dawa za kuharisha, alijaribu afyuni, zebaki, gome la mti wa kinini, na kuoga maji ya baridi. Hakuna iliyomponya. Alitafuta wengine wenye ugonjwa kama wake, na kazi hiyo ikamchukua miaka tisa. Mwaka 1828 alieleza habari za watu 28 tu. Kiangazi kimoja alikwenda kukaa Ramsgate, mji ulio juu ya bahari, akajifungia ndani ya nyumba; hapo akapata nafuu kidogo.

Watu wa kawaida walikuwa na maelezo yao: walisema ugonjwa unatoka katika harufu ya majani makavu yanayokatwa kwa ajili ya ng’ombe. Kwa hiyo wakauita homa ya majani makavu. Bostock hakukubali, yeye alidhani ni joto la jua. Tazama ajabu: watu wasiosoma walikuwa karibu na ukweli kuliko mganga, ingawa nao hawakuufikia. Ugonjwa huu hauleti homa, wala hautoki katika harufu.

Unga wa maua

Aliyefumbua fumbo alikuwa Charles Blackley, mganga wa mji wa Manchester, naye pia mgonjwa wa ugonjwa uleule. Maskini, historia hii imejaa watu waliojipima wenyewe! Blackley alikusanya ule unga mwembamba wa maua ya majani, ambao upepo huuchukua toka ua moja mpaka jingine. Akauvuta puani: chafya zikaja. Akakwaruza ngozi ya mkono wake, akaweka unga kidogo juu ya mkwaruzo: ngozi ikavimba na kuwasha. Basi, mpaka leo waganga wanaopima aleji hufanya karibu jambo hilohilo juu ya mkono wa mgonjwa.

Lakini Blackley hakuridhika. Alitaka kujua kama unga huo kweli uko hewani. Alipaka vipande vya kioo dawa ya kunata, akaviacha nje, kisha akahesabu punje zilizonaswa. Tena akafunga vioo hivyo juu ya tiara, akazirusha juu sana angani. Hata huko juu unga ulinaswa. Kumbe mtu anaweza kukaa mbali na shamba, na shamba likamfuata kwa njia ya upepo. Aliandika hayo yote katika kitabu kilichotoka mwaka 1873.

Hapo watu walijua kisababishi. Lakini swali kubwa lilibaki: unga wa maua si sumu. Watu elfu wanauvuta bila shida. Kwa nini mmoja anaugua?

Mbwa aliyeitwa Neptune

Jibu lilianza kuonekana mahali ambapo hakuna aliyelitazamia. Mwaka 1901 Albert wa Kwanza, mfalme mdogo wa Monaco aliyependa sana elimu ya bahari, alisafiri kwa merikebu yake pamoja na wataalamu wawili wa Ufaransa, Charles Richet na Paul Portier. Walichunguza sumu ya viumbe vya baharini vinavyochoma ngozi. Waliporudi Paris waliendelea na kazi kwa sumu ya kiumbe kingine cha jamii hiyo. Walitaka kuwazoesha mbwa sumu hiyo kidogo kidogo, ili isiwadhuru tena.

Mmoja wa mbwa hao aliitwa Neptune. Alipigwa sindano ya sumu kidogo, hakuumia sana. Baada ya siku 22, akiwa mzima na mwenye nguvu, alipigwa tena kiasi kilekile. Katika sekunde chache tu akaanza kuhema, akaanguka, akatapika damu. Na baada ya dakika 25 alikufa. Richet alishangaa sana. Badala ya kuzoea, mwili wa mbwa ulikuwa umejifunza kuogopa kupita kiasi. Jambo hilo alilipa jina la Kigiriki, anafilaksia, maana yake kinyume cha ulinzi. Mwaka 1913 alipewa tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo.

Mwaka 1906, katika mji wa Vienna, mganga wa watoto Clemens von Pirquet aliunganisha mambo haya. Alikuwa ameona watoto waliopewa sindano za seramu ya farasi ili kuwaponya. Mara ya pili wengine walivimba na kupata vipele. Akasema: mwili uliokutana na kitu mara ya kwanza haubaki kama ulivyokuwa, unageuka namna yake ya kujibu. Akatunga neno aleji kwa maneno mawili ya Kigiriki, lenye maana ya kutenda kwa namna nyingine.

Twaweza kusema hivi kwa mfano. Mji una askari wanaolinda milango. Siku moja askari wanamdhania mchuuzi maskini kuwa ni jambazi. Mara nyingine mchuuzi yuleyule akipita, wanapiga ngoma za vita, wanachoma nyumba, wanavunja madaraja. Mchuuzi hakufanya kosa lolote. Ni askari wa mji wenyewe walioharibu mji. Ndivyo ilivyo aleji.

Moto wenyewe ni histamini

Sasa wataalamu wakauliza: askari hao wanatumia silaha gani? Mwaka 1907 Wajerumani wawili, Windaus na Vogt, walitengeneza kitu kipya katika chupa zao, bila kujua kazi yake. Mwaka 1910 Waingereza Henry Dale na Patrick Laidlaw walikichunguza kwa wanyama. Wakaona ya kuwa kinapanua mishipa midogo ya damu, kinashusha nguvu ya damu, na kwa panya wa maabara wa aina fulani kinabana njia za pumzi mpaka mnyama anakufa. Dale akatambua: mambo haya yanafanana sana na yale yaliyompata mbwa wa Richet!

Lakini je, kitu hicho kimo kweli katika mwili mzima? Mwaka 1927 Dale na wenzake walikipata katika ini na mapafu mabichi. Kwa kuwa kimo katika nyama za mwili, jina lake histamini, kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya mfumo wa nyama hizo, lilifaa sana.

Baadaye ghala lake likajulikana. Huko nyuma, mwaka 1878, kijana Mjerumani Paul Ehrlich alikuwa ameona kwa hadubini seli zilizojaa punje nyingi, akadhani zimekula kupita kiasi. Akaziita seli zilizonenepeshwa. Miaka 75 ilipita kabla watu hawajajua mzigo wao. Mwaka 1953 Riley na West, huko Uingereza, walionyesha ya kuwa punje zile zimejaa histamini. Seli hizo zimekaa katika ngozi, pua, macho, mapafu na matumbo: ndizo sehemu zilezile ambapo aleji husumbua.

Na nani anayefungua ghala? Mwaka 1921 Wajerumani wawili walifanya jaribio la ujasiri. Küstner alikuwa akiugua kila alipokula samaki aliyepikwa. Mwenzake Prausnitz hakuwa na shida hiyo. Walichukua maji ya damu ya Küstner, wakayatia kidogo chini ya ngozi ya Prausnitz; kesho yake wakatia hapo maji ya samaki. Mahali pale pakavimba na kuwasha. Kumbe kuna kitu katika damu kinachobeba ugonjwa! Mwaka 1966 mume na mke wa Kijapani, Kimishige na Teruko Ishizaka, wakifanya kazi Marekani, walikitambua. Na Waswidi Johansson na Bennich walikifikia mwaka 1967 kwa njia nyingine. Mwaka 1968 kikapewa jina moja, IgE. Huyo ndiye askari anayepiga ngoma ya vita bila sababu.

Vidonge vya kwanza

Turudi nyuma kidogo, mwaka 1937, katika chuo cha Pasteur mjini Paris. Daniel Bovet, kijana Mswisi, alijiuliza swali jepesi. Vitu vingine vinavyoamuru mwili vina vitu vya kuvipinga, tena vingine hutoka katika mimea. Lakini histamini haina mpinzani. Je, hatuwezi kumtengeneza? Pamoja na mwanafunzi wake Anne-Marie Staub alijaribu dawa nyingi zilizokuwa katika kabati za maabara. Wakapata moja iliyookoa wanyama na kifo cha histamini. Haikufaa kwa binadamu, kwa maana ilikuwa na sumu mno. Hata hivyo mlango ulikuwa umefunguka.

Mwaka 1942, katikati ya vita, Bernard Halpern na wenzake wa kampuni ya Rhône-Poulenc walipata dawa ya kwanza iliyoweza kupewa wagonjwa. Jina lake Antergan. Halpern alikuwa Myahudi, na siku zile Wayahudi walikuwa wanawindwa Ufaransa. Akalazimika kukimbilia Uswisi. Huko Marekani, George Rieveschl wa chuo kikuu cha Cincinnati alitengeneza nyingine mwaka 1943, na tangu mwaka 1946 waganga walianza kuiandikia wagonjwa kwa jina la Benadryl. Wafaransa wakatoa Phenergan, ambayo watu wa Kongo wanaijua sana. Mwishoni mwa miaka ya 1940 ikatoka klorfeniramini, ambayo kidonge chake kidogo cha miligramu 4 hukutwa karibu kila kituo cha afya. Bovet alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1957.

Vidonge hivi hufanyaje kazi? Fikirini kufuli na ufunguo. Histamini ni ufunguo. Katika ngozi na pua kuna kufuli zake. Ufunguo ukiingia, mwasho na uvimbe hutoka. Kidonge hukaa ndani ya kufuli, basi ufunguo hauna pa kuingia. Kwa hiyo tukumbuke mambo mawili. Kwanza, kidonge hakiondoi histamini iliyokwisha mwagika, wala hakiwafundishi askari adabu. Kesho ugonjwa waweza kurudi. Pili, kinafaa zaidi kikitangulia kufika kabla ya ufunguo. Anayejua ya kuwa kila majira fulani anaugua, afadhali ameze mapema kwa shauri la mganga kuliko kungoja mpaka macho yafumbe.

Usingizi, safari na wazimu

Vidonge vya kwanza vilikuwa na tabia moja: vilileta usingizi. Sababu yake ni hii, kwamba ndani ya ubongo histamini ina kazi njema ya kutukesha. Vidonge vya zamani huingia hata ubongoni na kuziba kufuli za huko pia.

Tabia hiyo ilizaa mambo mengi. Mwaka 1947, katika hospitali ya Johns Hopkins huko Marekani, mwanamke mmoja alipewa dawa ya aina hii kwa ajili ya vipele. Akawaambia waganga ya kuwa tangu ameze dawa, hatapiki tena akipanda tramu. Waganga wakaijaribu kwa askari waliovuka bahari kwa meli, ikafaa. Hivyo ilizaliwa dawa ya kichefuchefu cha safari iitwayo Dramamine.

Huko Tunisia, Henri Laborit, mpasuaji wa jeshi la majini la Ufaransa, aliona ya kuwa wagonjwa waliopewa dawa za jamii ya Phenergan walikuwa watulivu ajabu kabla ya kupasuliwa. Wataalamu wa Rhône-Poulenc wakatafuta ndugu ya dawa hiyo mwenye nguvu zaidi ya kutuliza, wakampata Desemba 1950: klorpromazini. Mwaka 1952 waganga Delay na Deniker wa hospitali ya Sainte-Anne, Paris, waliwapa watu wenye wazimu, na wengi waliokuwa wakipiga kelele usiku na mchana wakatulia. Nani angedhani ya kuwa njia ya kutafuta dawa ya chafya ingefika katika nyumba za wenye wazimu?

Lakini usingizi huo una hatari. Dereva wa kamyo au motari aliyemeza kidonge cha zamani anaweza kusinzia barabarani. Hata asiposinzia, mikono yake huchelewa kutii macho. Tena kuna wazazi wanaowapa watoto wachanga Phenergan ili walale usiku. Jambo hilo ni baya kabisa: mwaka 2004 serikali ya Marekani ilitoa onyo kali kwamba dawa hiyo isipewe mtoto chini ya miaka miwili, kwa kuwa wengine waliacha kupumua wakafa.

Watu wakataka pia vidonge hivi viponye kila kitu. Karibu mwaka 1950 huko Marekani vilitangazwa sana kuwa dawa ya mafua ya kawaida. Waingereza wakavipima kwa uangalifu mwaka 1950, wakaona ya kuwa haviponyi mafua. Mafua huletwa na virusi. Aleji huletwa na askari wa mwili waliokosea. Pua inayovuja ni moja, lakini visababishi ni viwili.

Na hapa kwetu Kongo kuna tabia nyingine. Dawa moja ya ukoo huu, siproheptadini, huongeza hamu ya kula. Wanawake wengi huinunua bila mganga ili wanenepe na kupendeza. Wataalamu wa Kinshasa waliichunguza desturi hiyo wakaandika habari zake mwaka 2016, wakionya ya kuwa ni njia ya kujiletea magonjwa. Tunasema wazi: dawa ya mwasho si chakula. Anayeila kila siku ili anenepe, analala mchana, na mwili wake unaongezeka mafuta, si nguvu.

Vidonge vipya

Katika miaka ya 1980 wataalamu walitoa vidonge ambavyo haviingii sana ubongoni. Mmoja wa hivyo, setirizini, ulitoka Ubelgiji, katika kampuni ya UCB. Habari yake ni nzuri: kampuni hiyo ilikuwa na dawa ya zamani iliyoleta usingizi, hidroksizini. Wakaona ya kuwa ini la mtu huigeuza dawa hiyo kuwa kitu kingine, ambacho kinazuia mwasho vizuri lakini hakisinzishi sana. Basi wakakitengeneza hicho chenyewe. Nyingine ni loratadini. Hizi mbili kwa kawaida humezwa mara moja tu kwa siku.

Lakini si kila kipya ni chema. Terfenadini, moja ya dawa za kwanza zisizoleta usingizi, ilimezwa na watu wengi duniani. Baadaye ikaonekana ya kuwa ikichanganywa na dawa fulani za vijidudu, ini linashindwa kuisaga, inajaa katika damu na kuvuruga mapigo ya moyo. Wengine walikufa. Ikaondolewa Marekani mwaka 1998. Na mwaka 1999 astemizoli, iliyotoka Ubelgiji, ikaifuata kwa shida ya namna hiyohiyo. Ndiyo maana mganga huuliza: unameza dawa gani nyingine? Asiulizwe kwa nini anauliza; ajibiwe kweli.

Miti na majani

Sasa tuje kwa wale wanaopenda dawa za miti. Hawakosi haki. Wachina wametumia mmea uitwao ma huang kwa magonjwa ya kifua tangu zamani za kale. Mwaka 1885 Nagai, mtaalamu wa Kijapani, alitoa ndani yake efedrini. Na mwaka 1924 Chen na Schmidt, huko Peking, waliwajulisha waganga wa dunia nguvu yake ya kufungua pumzi na pua. Lakini mmea huohuo hupandisha nguvu ya damu na kuchosha moyo. Mwaka 2004 Marekani ilikataza kuuza ma huang kama chakula cha kuongeza nguvu. Mti unaoponya ndio unaoua. Ni kiasi tu kinachotenganisha.

Vilevile mnanaha, ambao wengine huuita datura. Wahindi waliuvuta moshi wake kwa ajili ya pumu, na mwaka 1802 habari hiyo ikafika Uingereza. Watu wa Ulaya waliuvuta katika sigara zaidi ya miaka mia. Kweli hupanua kifua, lakini ni sumu kali. Mtu akizidisha hupotewa na akili, hata kufa. Wataalamu wametoa dawa za kuvuta zenye asili katika ukoo wa sumu hiyo, zilizopimwa kiasi chake. Basi hizo zitumike, mmea uachwe.

Habari inayotupendeza kuliko zote ni ya Roger Altounyan. Alizaliwa Syria mwaka 1922. Jamaa yake walikuwa na hospitali mjini Aleppo. Katika vita alikuwa rubani. Aliugua pumu ya aleji. Huko Misri na nchi za jirani watu walitumia tangu zamani mbegu za mmea uitwao khella kwa kulegeza misuli iliyobana. Kampuni moja ya Uingereza ilitengeneza dawa nyingi zenye kufuata mfano wa kitu kilichomo katika mbegu hizo, na Altounyan alizijaribu juu yake mwenyewe. Alijivutisha vumbi la manyoya ya wanyama lililomletea pumu, kisha akapima kama dawa imemkinga. Alifanya hivyo kwa miaka mingi, mamia ya mara. Mwaka 1965 ikapatikana kromoglikati, ambayo inazuia ghala la histamini lisifunguke. Chombo cha kuivutia alikitengeneza akikumbuka mapanga ya ndege yake. Alikufa mwaka 1987.

Na asali? Wengi husema kula asali ya kijijini kwako kunazoesha mwili unga wa maua. Mwaka 2002, katika chuo kikuu cha Connecticut huko Marekani, wagonjwa 36 waligawanywa: wengine walikula asali ya mahali pao, wengine asali ya mbali, wengine maji ya sukari yenye harufu ya asali. Hakuna kundi lililopata nafuu kuliko jingine. Sababu yake inaeleweka: nyuki huchukua unga mzito wa maua mazuri, lakini unaoleta chafya ni unga mwepesi wa majani na miti, unaochukuliwa na upepo. Asali ni chakula chema, inatuliza kikohozi pia. Ila mtoto chini ya mwaka mmoja asipewe.

Kuosha pua kwa maji ya chumvi kunasaidia kweli, kwa sababu huondoa vumbi na unga ulionaswa. Lakini maji yachemshwe kwanza, yapoe. Mwaka 2011, huko Louisiana, watu wawili walikufa kwa sababu waliosha pua kwa maji ya bomba yasiyochemshwa, yaliyokuwa na kijidudu kinachokula ubongo.

Hata lile wazo la kuzoesha mwili halikupotea. Mwaka 1911, katika hospitali ya St Mary’s, London, Leonard Noon alianza kuwapiga wagonjwa sindano za unga wa maua, kidogo sana kwanza, kisha kuongeza polepole. Alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1913, rafiki yake John Freeman akaendelea. Njia hiyo ingali inatumika, mbele ya mganga tu. Mbwa Neptune alitufundisha kwa nini.

Mambo ya kushika

Ndugu wasomaji, tukusanye mavuno ya safari hii.

Kidonge cha aleji ni msaada mwema kwa chafya, macho yanayowasha na vipele. Kinunuliwe mahali pa haki, kwa shauri la mwuguzi au mganga, tena kiasi kile kile alichosema. Anayeendesha chombo achague kile kisicholeta usingizi, wala asichanganye na pombe.

Dawa ya mti ni dawa; nayo ina kiasi chake na sumu yake. Anayekwenda hospitali amweleze mganga majani aliyokunywa, asifiche. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humwumbua.

Kila mtu ajue adui yake. Kama ni samaki, karanga, au sindano ya penisilini iliyokuletea vipele, mwambie mwuguzi kabla hajakugusa, na uandikiwe katika karatasi yako ya matibabu. Neno hilo moja laweza kuokoa uhai.

Na la mwisho ndilo kubwa. Mtu akivimba midomo au ulimi, akikosa pumzi, sauti ikapotea, akazimia baada ya kuumwa na nyuki au kula kitu au kupigwa sindano, msimpe kidonge na kungoja. Kidonge huhitaji nusu saa na zaidi, naye hana nusu saa. Mbwa wa Richet alikufa kwa dakika 25. Msimpe majani wala maji, kwa maana koo limefunga. Dawa yake ni sindano ya adrenalini katika paja, upesi, katika kituo cha afya kilicho karibu. Mlazeni chali, miguu juu kidogo. Akikosa pumzi mwacheni aketi. Mchukueni mara moja, hata usiku, hata mvua ikinyesha.

Bostock alitafuta dawa maisha yake yote, asiione. Sisi tunaipata kwa fedha kidogo. Tuitumie kwa akili.